Safu ya ushauri: Marobota 40 yamepotea, na wapelelezi wangu wamekwama

SWALI

Ndugu wa safu, habari za kazi.

Naendesha mchezo wa kuigiza wahusika mezani hapa Dar es Salaam. Wachezaji ni wanne, tunakutana Jumamosi kila baada ya wiki mbili, kila kikao kikidumu saa tatu. Baada ya mwaka mzima wa kupigana na mazimwi tulikubaliana kubadili ladha: ofisi ndogo ya upelelezi binafsi, mjini Tanga, mwaka 1951, chumba kimoja cha juu Ngamiani, Barabara ya Tisa. Kanuni ni za mchezo wa kutisha wa Call of Cthulhu, toleo la saba, ila majini na madude yote tumeyatoa, tumebaki na binadamu na shida zao.

Kesi ya kwanza ni hii. Shamba la mkonge la Muheza limepeleka marobota 140 Tanga kwa treni. Daftari la ghala la bandarini linasema yamepokewa 100. Shamba linawashuku watu wa reli, watu wa reli wanalishuku shamba, na msimamizi wa shamba kaja ofisini kwetu kwa sababu hataki polisi waanze kufukua hesabu zake. Ukweli ninaujua mimi peke yangu: yote 140 yalifika. Karani wa ghala, aliyezama kwenye deni la dukani, aligeuza tarakimu daftarini, na marobota 40 yakapakiwa usiku kwenye jahazi la Mombasa yakiwa yamepigwa alama ya shamba jingine.

Kikao cha kwanza walikwenda ghalani kupekua meza ya karani. Nikawaambia warushe dadu za Kuona Vilivyofichika. Watatu walijaribu, wenye 45, 30 na 25 kwa 100; anayepata zaidi ya namba yake amekosa. Wakapata 71, 88 na 62. Daftari likabaki ndani ya droo, na siri yote nilikuwa nimeiweka humo. Kikao cha pili wakapanda treni hadi Muheza wakawahoji manamba siku nzima, wakatoka mikono mitupu kwa sababu huko sikuandaa kitu. Cha tatu walibishana ofisini dakika 50, kisha mmoja, kwa kubahatisha tu, akapendekeza karani achukuliwe pembeni apigwe mpaka aseme. Nikafunga kikao.

Zaidi ya hapo, mchezaji mmoja ndiye anayemhoji kila shahidi, na anayecheza mtunza hesabu wa ofisi sidhani kama amesema sentensi kumi tangu tuanze. Ofisi yenyewe ni jina mlangoni tu, haina uzito wowote mchezoni. Wawili wameshauliza lini tunarudi kwa mazimwi.

Je, niache dadu kabisa? Kesi hii inaokoleka, au niitupe nianze nyingine? Na nifanyeje ili ofisi iwe kitu?

Mwendeshaji aliyekwama, Dar es Salaam

JIBU

Ndugu mwendeshaji,

Usiitupe. Kisa chako ni kizuri, na ukweli wake una mguu wa kusimamia: mwaka 1951 vita vya Korea vilikuwa vimeipandisha bei ya mkonge kuliko wakati wowote, kwa hiyo marobota 40 ni mali ya kumfanya mtu mwoga awe jasiri. Ubovu uko kwenye droo.

Tuanze na hesabu, maana wengi hudhani walipata bahati mbaya tu. Wachezaji wenye 45, 30 na 25 wakijaribu wote watatu, uwezekano wa wote kukosa ni 0.55 mara 0.70 mara 0.75, yaani karibu 29 kwa 100. Hiyo ni kwa droo moja. Kesi yako ina mambo manne ambayo lazima wayajue ili waifunge. Kila moja ukiliweka nyuma ya mlango wa namna hiyo, uwezekano wa kuivuka milango yote minne ni karibu 26 kwa 100. Umejenga kesi ambayo mara tatu kwa nne itakwama, halafu ikakwama.

Dawa ya kwanza aliitoa Robin D. Laws alipobuni GUMSHOE, mfumo wa kanuni za michezo ya upelelezi: kidokezo ambacho kesi haiwezi kwenda bila hicho hakirushiwi dadu. Mhusika akifika mahali penyewe, akiwa na ujuzi unaohusika, akasema anatafuta, anapata. Huna haja ya kubadili kanuni zenu kwa ajili ya hilo, wala kuacha dadu. Badili tu swali ambalo dadu inajibu. Usiulize "je, wanaliona daftari?" Uliza "wanaliona kwa gharama gani?" Wakifaulu, wana dakika kumi za kulisoma na kulirudisha kama lilivyokuwa. Wakikosa, daftari wanalo mkononi, lakini karani anaingia na kikombe chake cha chai na kuwakuta wameinama juu ya meza yake. Toleo la saba tayari linamruhusu mchezaji aliyekosa kujaribu tena kwa sharti kwamba akikosa mara ya pili mambo yanamharibikia. Itumie nafasi hiyo, na mwambie mapema litakaloharibika. Dadu zibaki pia kwa vya ziada: kujua wino wa pili ni wa juzi, kutambua mwandiko, kuvuka uzio bila mlinzi kusikia.

Ya pili ni kanuni ya vidokezo vitatu, ambayo Justin Alexander, mwandishi wa michezo ya namna hii, aliiandika mwaka 2008: kwa kila jambo unalotaka wachezaji walitambue, weka angalau vidokezo vitatu. Sababu ni ya kawaida kabisa. Kimoja hawatakiona, cha pili watakielewa vibaya, cha tatu kitawafikisha. Watu huisoma kanuni hii wakaitekeleza vibaya, kwa hiyo tuipitishe kwenye kesi yako hatua kwa hatua.

Chukua karatasi moja. Upande wa juu andika kilichotokea kweli, kwa tarehe, mistari isiyozidi minane, bila kuwataja wapelelezi kabisa. Chini yake andika mambo manne ya kutambuliwa: kwamba marobota yote 140 yalifika Tanga, kwamba 40 yaliondoka kwa jahazi usiku, kwamba karani ndiye aliyebadili hesabu (na kwa nini), na kwamba kuna mnunuzi anayengoja mengine. Sasa mbele ya kila moja weka vidokezo vitatu.

La kwanza: stakabadhi ya stesheni ya Tanga yenye sahihi ya aliyepokea 140; kumbukumbu ya wachukuzi, kwa kuwa robota la mkonge si furushi la kubeba kwapani, na hao hulipwa kwa idadi; na daftari lenyewe. La pili: bati lililotobolewa alama ya shamba jingine, rangi nyeusi bado inanata, nyuma ya ghala; hesabu ya matishari yaliyopeleka mzigo melini, ambayo hayakubeba hata robota moja la ziada; na mvuvi wa kwenye mkono wa bahari aliyeona jahazi limelala matopeni siku zote za maji mafu, likaelea usiku wa bamvu, yaani maji makuu, asubuhi halipo. La tatu: tarakimu iliyogeuzwa; daftari la mali kauli, yaani la mikopo, la mwenye duka, ambamo jina la karani limefutwa kwa malipo ya mara moja; na jirani anayeuliza bati jipya la paa limetoka wapi. La nne jaze mwenyewe, umeshaona mtindo.

Tazama vilivyotawanyika. Hakuna mahali penye vidokezo viwili vya jambo moja, na hapo ndipo wengi huteleza: wanaandika vidokezo vitatu vizuri, vyote ndani ya ghala, halafu wachezaji hawaendi ghalani. Kosa la pili ni vitatu kuhitaji ujuzi mmoja. Kosa la tatu, baya kuliko yote, ni vitatu kutoka kinywani mwa shahidi mmoja, ambaye atatukanwa, atafukuzwa au atauawa ndani ya dakika ishirini za mwanzo. Na katika kila kundi la vitatu, kimoja kisihitaji ujuzi wowote, macho ya mchezaji tu. Na kimoja kiwe na miguu, kiweze kuwafuata ofisini wenyewe wakikaa.

Kipimo cha kidokezo ni kwamba kinaandikika kwa sentensi moja yenye jina, idadi au siku. "Wachukuzi walilipwa kwa marobota 140 Alhamisi" ni kidokezo. "Karani alionekana ana wasiwasi" si kidokezo. Kila anayehojiwa ana wasiwasi.

Njia za kuwapoteza wachezaji usiweke hata moja. Wachezaji wanne waliokaa saa tatu watazitengeneza wenyewe bure, nawe ni shahidi: treni ya Muheza haikuwa yako.

Sasa ukurasa wa daftari. Umewanyima kitu kitamu kuliko vyote, kwa hiyo warudishie wakishike kwa mikono. Pata karatasi nyeupe ya kawaida. Chemsha vijiko viwili vya chakula vya majani ya chai kwenye nusu lita ya maji, acha yapoe, chuja, izamishe karatasi dakika tano, ianike bapa juu ya taulo. Andika ikishakauka kabisa, la sivyo wino utatambaa na kazi yote itakuwa ya kutupa. Kisha andika kwa mkono, kalamu nyeusi nyembamba, mapokezi ya wiki moja:

Jumatatu, robota 60
Jumanne, robota 35
Jumatano, robota 80
Alhamisi, robota 100
Ijumaa, robota 25
Jumla, robota 340

Ile 100 ya Alhamisi iandike kwanza 140, ukitumia 4 ya kizamani iliyo wazi juu kama kikombe. Halafu kwa kalamu nyingine, nyeusi iliyofifia kidogo, ifunge 4 iwe sifuri. Mguu wake utabaki umechungulia chini ya mstari, na mkono wake mfupi utatokeza kulia. Huo mguu ndio kesi yako. Asiyeuona mguu ataiona jumla: 60, 35, 80, 100 na 25 ni 300, siyo 340. Karani aligeuza tarakimu akasahau jumla, kosa la mtu aliyefanya kwa haraka usiku. Lakini jihadhari: hesabu nyingine yoyote utakayowapa lazima iwe sahihi. Ukikosea kujumlisha ankara ya hoteli, watamshuku mwenye hoteli vikao viwili.

Tengeneza nakala mbili, na ya kwanza mpe yule mtunza hesabu aliye kimya. Usimwambie kitu. Mwache ajumlishe.

Jumamosi ijayo iendeshe hivi. Dakika kumi za kwanza, mtunza hesabu asome jalada la kesi kwa sauti: tumeajiriwa na nani, tunajua nini. Litakuwa tupu karibu lote, ndiyo maana hapo hapo unampa kitu: siku ile ya Muheza haikuwa bure. Katika makaratasi waliyorudi nayo kuna nakala ya hati ya kupakia, 140, yenye muhuri wa stesheni, na kichwani mwa mhusika mmoja kuna kauli ya manamba aliyesema behewa lilifungwa mbele ya macho yake. Ndiyo, unalibuni leo jambo la kikao kilichopita. Ni halali, mradi halipingani na lolote ulilokwisha kulisema mezani. Wachezaji hawatajali, watafurahi kwamba safari ilikuwa na maana.

Kisha mlango ugongwe. Ni mchukuzi wa bandarini, amekasirika: aliahidiwa malipo ya kazi ya usiku na hajalipwa, na karani hamtazami machoni. Hataki kuitwa mahakamani. Anataka fedha zake. Ni kile kidokezo chenye miguu, na kimebeba mambo mawili kwa mpigo, kwamba mzigo ulifika na kwamba kulikuwa na kazi ya usiku. Hapo wana sehemu tatu za kwenda: ghalani, kwenye mkono wa bahari, dukani kwa mdai. Tatu zinatosha. Zikizidi, mnarudi kwenye zile dakika 50.

Kuhusu zile dakika 50: mabishano ya wapelelezi ni sehemu ya raha, usiyakate yote. Weka katikati ya meza karatasi yenye safu tatu: Tunajua, Tunadhani, Tunakwenda. Mabishano yakifika dakika kumi, uliza nini kiingie kila safu. Kitu wanachokijua kweli, kithibitishe waziwazi: "Hilo mna ushahidi nalo, liandikeni." Waendeshaji wengi huogopa kusema hivyo, kana kwamba wanavujisha mtihani. Lakini mhusika aliyeko Tanga ameiona stakabadhi kwa macho yake; mchezaji ameisikia wiki mbili zilizopita akila mishikaki. Kumkumbusha ni haki yake.

Walichokosa hasa ni saa inayokwenda, na kisa chako kinayo tayari. Bamvu huja kila baada ya siku 14 au 15. Jahazi lililopakia kwenye mkono wa bahari wenye kina kifupi halitoki siku yoyote tu, linangoja maji makuu. Shehena ya kwanza iliondoka kwa bamvu lililopita. Mnunuzi anataka nyingine, na bamvu lijalo liko siku sita mbele. Chora duara lenye vipande sita, liweke wazi mezani. Kila siku ya mchezo, jaza kipande kimoja. Wakikosa dadu kwa namna ya kelele, yaani karani kuwakuta, mlinzi kuwataja, mdai kuulizwa kijinga, jaza kingine. Duara likijaa, jahazi limeondoka na marobota mengine, na karani yumo ndani. Kesi haifi hapo, inahamia Mombasa na inakuwa ghali. Usiwaambie duara lina maana gani mpaka mvuvi atakapotaja bamvu. Kama mezani kuna mtu wa pwani atalielewa kabla hujamaliza sentensi, na hakuna raha kama hiyo.

Kumpiga karani. Usikataze, na usikubali kirahisi. Sema gharama kabla hawajaamua: aliyepigwa atasema lolote, na kauli yake haitamfaa msimamizi wa shamba kitu, wachukuzi, ambao ndio macho ya ofisi bandarini, watafunga midomo, duara litajaa vipande viwili. Halafu wape njia bora zaidi: deni. Mtu anayedaiwa hubanwa kwa karatasi ya deni lake, na karatasi hiyo ipo dukani inawangoja. Wachezaji hukimbilia ngumi pale ambapo hawana kitu kingine mkononi, na vikao vitatu hukuwapa kitu.

Yule anayehoji kila mtu hana hatia sana. Riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla zimemfundisha hivyo: mpelelezi Bwana Msa anafikiri, mwenzake Najum anauliza tufafanuliwe sote. Mezani kwako wako kina Bwana Msa wanne na Najum hakuna. Fanya mashahidi wawe na masharti. Mama wa vitumbua nje ya stesheni anaongea na mtu wa Ngamiani mwenzake tu. Karani wa reli hawezi kuongea na mtu asiyejua kusoma hati za mizigo. Nahodha mstaafu anataka mtu wa kucheza naye bao, na wakati wa bao haulizwi maswali mawili mfululizo. Pili, wagawanye. Wawili ghalani, wawili dukani, na wewe ruka kati yao kila baada ya dakika nane au kumi, ukikata pale ambapo jibu linakaribia kutoka. Zaidi ya kumi, waliobaki wanatoa simu mfukoni.

Sasa ofisi, maana hili ndilo litakaloibeba kampeni nzima, yaani mfululizo wa kesi zenu, baada ya marobota kusahauliwa. Ofisi ina uzito pale tu inapoweza kufa. Ipe daftari lake, na liwe mkononi mwa mtunza hesabu, si mwako. Tarakimu hizi ni za mchezo, si za historia, zibadilini mtakavyo: mnaanza na shilingi 120. Kila wiki zinatoka 45, yaani kodi ya chumba 20, tarishi 10, chakula cha mchana na nauli 15. Mteja analipa 15 kwa siku, na gharama za safari juu yake. Kesi ya siku sita inaleta 90, inabaki 45 baada ya wiki kulipiwa. Wiki mbili bila kazi, mmebakiwa na 30. Ya tatu mwenye nyumba anapanda ngazi. Hesabu hiyo inachukua dakika tano mwishoni mwa kikao, na inafanya kazi ambayo hotuba yoyote ya mwendeshaji haiwezi: mteja asiyependeza akibisha hodi, wanamkaribisha kiti.

Usiongeze zaidi ya hapo ila vitu viwili. Kimoja ni Jina, kutoka sifuri hadi 5, mnaanza na 1. Linapanda kwa kesi iliyofungwa vizuri, linashuka kwa kashfa, na ndilo linaloamua ni wateja wa namna gani wanakuja. Kingine ni Fadhila: orodha ya watu wanaodaiwa na ofisi na wanaoidai. Mchukuzi akilipwa haki yake kwa jitihada za ofisi, anaandikwa. Kesi ya tano atawaonyesha mlango wa nyuma. Mkianza kuweka alama za vyombo, taa, taipureta na baiskeli, mtakuwa mnaendesha duka.

Kila mchezaji awe na kitu cha ofisi ambacho ni chake peke yake. Mmoja ana funguo na ndiye anayepokea wateja, mmoja ana daftari, mmoja ana watu wake bandarini na relini, mmoja anajua polisi na mahakama. Mteja mpya akija, mpe mwenye funguo karatasi ndogo yenye mistari mitatu na umwache awaeleze wenzake kwa maneno yake. Wateja waje watatu kwa pamoja, na wakati unatosha kesi mbili tu. Mmoja ana fedha na harufu mbaya, mmoja ni maskini wa mtaa wao, wa tatu anagongana na mteja wa zamani.

Kwa ukubwa wa kesi: jambo moja la kutambuliwa na vidokezo vyake vitatu ni kikao kimoja chepesi, kama mke anayetaka kujua mshahara wa mumewe unaishia wapi. Mambo manne kama ya marobota ni vikao viwili vya saa tatu, mara chache vitatu. Ukianza na kesi ya mambo saba kabla meza haijazoea, hutaimaliza.

Kuna njia nyingine kabisa, ya Brindlewood Bay, mchezo wa Jason Cordova: mwendeshaji hana jibu kichwani, wachezaji wanakusanya vidokezo, wanatunga nadharia yao, na dadu mbili za pande sita, zikiongezwa idadi ya vidokezo na kupunguzwa ugumu wa kesi, ndizo zinazoamua kama nadharia hiyo ni kweli. Inafanya kazi vizuri sana kwa meza inayopenda kutunga. Kwa yenu hatuishauri sasa. Wachezaji wako wamekaa vikao vitatu wakiamini kuna ukweli umefichwa mahali. Ukiwaambia haukuwepo, wataona walichezewa.

Jambo la mwisho la kuandaa ni mwisho wenyewe. Msimamizi wa shamba anataka marobota au fedha zake, na kimya; hajali karani atafungwa au la. Wachezaji wakimkamata karani siku ya nne, wana mteja anayesema mwacheni mradi mzigo urudi, wana mchukuzi ambaye hajalipwa, na wana jina la mnunuzi wa Mombasa ambalo hakuna aliyewaajiri walifuatilie. Usiwachagulie. Waulize mtunza hesabu anaandika nini kwenye jalada, alama ya kufungwa au ya kusubiri, na ada ya siku ngapi. Jina la mnunuzi lipitishe kwenye karatasi yako ya kesi ya nne.